Samli ya Kwandu

Tangu Nshoma achukuliwe vitani, ng'ombe wa baba yake, Shibuda, walipelekwa joshoni na dada yake, Limi. Kila Jumatano asubuhi alitokea kwenye njia ya Kaniha akiwa nyuma ya ng'ombe kumi na tisa, fimbo begani, kaptula ya kaka yake imefichwa ndani ya kitenge. Kitenge kilikuwa cha njiani. Akifika joshoni alikivua akakitundika kwenye uzio, na hapo zilianza kazi mbili: kuogesha ng'ombe na kujifunza kuangusha watu.

Mwalimu wake alikuwa mtu wa josho mwenyewe, Celestini, Mhangaza wa Nyamiaga. Alikwenda Uganda akiwa kijana kukata miwa, kama walivyokwenda wanaume wengi wa Ngara, akakuta huko kuna kumbi ambamo mtu hulipwa kwa kumpiga mwenzake mweleka. Akaacha panga la miwa. Miaka kumi na moja alikula kwa mieleka, na alichorudi nacho ni sikio la kushoto lililokunjamana kama uyoga uliokauka.

"Usimvute," alimwambia Limi, ambaye wakati huo alikuwa amemkumbatia ndama dume shingoni. "Ukimvuta anajua unataka aende wapi. Mshike tu, yeye ndiye ahangaike."

"Ananikanyaga, mwalimu."

"Esperansia naye atakukanyaga. Na yule ana kilo themanini."

Limi akakaza mikono. Ndama alizunguka, akapiga teke, akazunguka tena, mwisho miguu ikamchanganya akaenda chini na msichana juu yake. Celestini hakusifu. Aliinua kope kidogo tu, na kwa Limi hiyo ilitosha kula siku nzima.

Jumamosi ile lori la Ngeleja lilitazamiwa kufika. Ngeleja, mtu wa Mwanza, alikuwa na kundi la mieleka ya kulipwa liitwalo Chui wa Ziwa, lenye kibali cha kuzunguka wilayani kushangilia ushindi. Maana ulikuwa mwezi wa tano mwaka wa sabini na tisa, na redio ilikwisha kutangaza kwamba Kampala imetekwa. Wanawake katika kundi lake walikuwa wawili, na mmoja alikuwa ameteguka goti. Kwa hiyo Ngeleja alitangulizia habari: binti atakayemwangusha yule mzima, Esperansia, mara mbili katika mashindano ya mara tatu atapanda lori siku hiyo hiyo, na mshahara kila mwezi kama karani wa ofisi. Biharamulo mjini walijitokeza wanne. Wote wanne walirudi kwao na vumbi mgongoni.

Vijana wawili wa mgambo walipita na bunduki zao za mti.

"Mganda," mmoja alimwita Celestini, "unamfundisha nini huyo? Kupindua serikali?"

"Namfundisha kuangusha ndama, kijana wangu."

"Na sisi tunaandika," yule alisema, ingawa kuandika hakujua.

Celestini akarudi kuchanganya dawa ya kupe, iliyokuwa imepungua mpaka imekuwa maji ya rangi tu. Siku zile kila kilichokosekana kilikuwa na jibu moja. Dawa haipo, vita. Sukari haipo, vita. Sabuni haipo, vita. Ila kulikuwa na nyumba ambazo vita hiyo haikupata kuzifikia, na watoto wa nyumba hizo walikwenda shule na kola nyeupe.

 

Ijumaa jioni Mwenyekiti wa kijiji, Bartholomayo, alifika kwa Shibuda akiwa na kalamu mbili mfukoni. Akakaribishwa kiti kimoja kilichokuwepo. Shibuda akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Ndugu Shibuda, nimekuja kwa wema. Kijiji kina sura. Kesho watakuwepo watu kutoka wilayani. Binti yako atasimama mbele yao na kaptula?"

"Ndivyo nilivyoambiwa, Ndugu Mwenyekiti."

"Mapaja nje."

Shibuda alifikiri kidogo. Alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Mwaka wa sabini na nne Operesheni ilimchomea nyumba ili ahamie kijijini kwa maendeleo yake mwenyewe. Akahama, akajenga upya. Vita ilipokuja aliombwa fahali, akatoa fahali. Akaombwa mtoto, akatoa mtoto. Watu wa namna hiyo ndio husahauliwa kwanza, kwa kuwa hawapigi kelele mlangoni.

"Mapaja hayo," alisema taratibu, "umeyaona joshoni kila Jumatano yakikuogeshea na ng'ombe wako wawili, hukusema kitu. Yamekuwa mabaya leo yalipotaka mshahara?"

Mwenyekiti akacheka kwa pua. Akasema shamba la kijiji linahitaji mikono, akasema yule Celestini ni mtu wa kuangaliwa, akasema mengine, akaenda zake.

Limi alisikia yote akiwa jikoni na mama yake. Kwandu alikuwa anachekecha unga. Tangu habari ya mieleka iingie nyumbani, yapata mwezi na nusu, mama huyu hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa anachekecha, anasaga, anakamua. Kukataa kwa kelele Limi angekuweza. Angelia, angebembeleza, angemleta shangazi. Lakini mtu utashindana vipi na chekeche?

"Mama, kesho ndiyo kesho."

"Najua siku."

"Nikishindwa, nitarudi kwenye ng'ombe na shamba la kijiji, sitalitaja tena jambo hili. Nikishinda, nitakwenda. Wewe unasemaje?"

"Sogeza chungu, kinaungua."

Limi akasogeza chungu. Alikwisha kuamua kwamba ataondoka hata bila neno la mama, na uamuzi huo ulimuuma kuliko kwato za ndama.

 

Alfajiri mama alimwamsha kwa kumgusa mguu. Nje ya nyumba, pale jua linapofika kwanza, alikuwa ametandika ngozi ya ng'ombe, na pembeni yake kibuyu.

"Vua. Kaa."

Limi alipoona kibuyu alielewa, akakaa. Kwa Wasukuma mafuta ya ng'ombe hayapakwi hivi hivi. Hupakwa bibi harusi siku ya kutolewa, hupakwa mtu aliyepona ugonjwa uliokuwa umemchukua, hupakwa mtoto wa nyumba anayekwenda mbali ambaye nyumba imekubali aende. Nshoma alipopelekwa kambini aliondoka usiku juu ya gari la mgambo, hakuwahi kupakwa, na Kwandu alilibeba hilo moyoni kama jiwe ndani ya kiatu.

Sasa alimimina samli kiganjani. Alianza utosini, akashuka shingoni, mabegani, mikononi mpaka kucha, mapajani, nyayoni. Alipaka kama mtu anayefinyanga. Neno alilolingojea Limi mwezi na nusu lilikuwa linamwingia kwa njia ya ngozi.

Je, Limi hakufikiri kwamba anakwenda kushikwa na mikono ya mtu mwingine? Hakufikiri. Celestini alimfundisha kushika, kungoja, kuanguka bila kuvunjika. Hakumwambia usipake mafuta, kwa sababu kwao Nyamiaga wazo hilo lisingempitia mtu. Na ndama wa joshoni hakuwahi kulalamika.

Celestini angeweza kumwona kabla hajaingia uwanjani. Angenusa tu angejua. Lakini asubuhi hiyo hiyo wale vijana wa mgambo walimfuata nyumbani wakampeleka ofisi ya kijiji, "kwa maelezo mafupi" kuhusu miaka yake ya Uganda, wakamkalisha kwenye benchi, na hakuna aliyekuja kumuuliza maelezo yoyote.

 

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa kabla ya saa nne. Watu wa Ngeleja walikuwa wametandaza turubai juu ya nyasi zilizokatwa na kuzungusha kamba. Wanaume wawili wa kundi walitangulia, wakarushana, wakaanguka kwa kishindo kikubwa kuliko uzito wao, watu wakacheka. Halafu Ngeleja akapanda juu ya pipa. Alikuwa mfupi, amevaa suti ya Kaunda yenye mifuko minne.

"Ndugu wananchi, kina mama wa Kaniha wanasemaje? Yupo binti hapa au wote mmekuja kusindikiza?"

Limi akaruka kamba. Akavua kitenge. Jua lilimpiga, akang'aa kama chungu kipya, na wazee wa Kisukuma waliokuwa pale wakatikisa vichwa kwa kuridhika: mtoto wa Shibuda ametolewa kwao kwa heshima. Kwandu alisimama mbele yao, mikono imekunjwa chini ya kanga, na kwa mara ya kwanza tangu Nshoma aondoke alikuwa na uso wa mtu mwenye jambo jema mkononi.

Esperansia akaingia upande wa pili. Mwanamke mkubwa wa miaka thelathini hivi, mwenye sikio kama la Celestini, tena yeye yote mawili. Akamtazama Limi bila ubaya, kama mtu anayeanza kazi za asubuhi.

Filimbi. Esperansia akamshika mkono, mkono ukachomoka. Akamshika shingo, shingo ikachomoka. Akamkumbatia kiunoni ambako hakuna mtu aliyewahi kumtoka, na Limi akateleza kama kambare, akatokea nyuma, akamzoa miguu. Mgongo wa Esperansia ukagusa turubai kabla watu hawajamaliza kukaa.

Uwanja ulilipuka. Lakini Limi, aliyesimama katikati ya kelele zile, alihisi kitu hakiko sawa. Ilikuwa rahisi mno. Hakuwa ameshikwa bado.

Esperansia akainuka taratibu. Akanusa viganja vyake. Akaenda mpaka kwenye kamba akamnyooshea Ngeleja mikono, na Ngeleja naye akanusa.

"Mafuta," Ngeleja alitangaza akiwa amepanda tena juu ya pipa. "Ndugu wananchi, binti amejipaka mafuta ili asishikike. Huu katika mchezo unaitwa udanganyifu. Nani amemfundisha?"

Kwandu, aliyejua Kiswahili cha soko na cha zahanati tu, akapiga hatua moja mbele.

"Mimi nimepaka. Mafuta ya ng'ombe. Ni mtoto wangu, anaondoka."

"Mnamwona? Mama mtu mzima."

Wakacheka waliotoka wilayani, halafu wakacheka wa kijijini waliopenda kucheka na wa wilayani. Mmoja akauliza kama na mikia wamepaka. Mwenyekiti Bartholomayo alitikisa kichwa kwa huzuni nzuri sana. Na kinachoudhi kuliko vyote ni hiki: Ngeleja alikuwa Msukuma. Bibi yake alimpaka samli hiyo hiyo, kibuyu cha namna hiyo hiyo, siku alipotoka kwao kwenda Mwanza kutafuta kibarua. Aliijua harufu ile kabla hajajua kusoma. Lakini mtu akishapata mifuko minne, mmojawapo huwa ni wa kufichia kwao.

Kwandu hakurudi nyuma. Alibaki pale pale alipopiga hatua, uso umemshuka, hajui kama aende au akae.

Ngeleja akashuka akamsogelea Limi, akasema kwa sauti ya chini. "Sikiliza, binti. Umbo unalo. Sitaki kukupoteza. Sema mbele ya watu kwamba mama yako ni mtu wa porini, hakujua, na unaomba radhi kwa udanganyifu. Nitakuruhusu uendelee, kwa huruma."

Ilikuwa sentensi moja. Mshahara kama wa karani ulikuwa upande wa pili wa sentensi moja. Limi akamtazama mama yake.

"Hakunidanganyia mtu," akasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa juu ya miti walisikia. "Alinipaka kwa sababu amenikubalia. Mchezo wenu hautaki mafuta, sawa, sikujua. Huo mweleka ufuteni. Nitaoga, nirudi. Tuanze sifuri."

"Lori linaondoka saa saba."

"Sasa ni saa ngapi?"

Esperansia ndiye aliyejibu, akiwa anajifuta viganja kwenye nyasi. "Saa tano na nusu. Mwache aoge, Ngeleja. Ule wa mafuta hauhesabiki, mimi sijaangushwa bado leo, na sipendi kusemwa."

 

Samli haitoki kwa maji. Kila mpishi anajua. Shibuda alikwenda duka la kijiji mbio, kofia mkononi, akamkuta Anastazi muuza duka amekaa nyuma ya kaunta tupu.

"Kipande cha sabuni, kijana wangu. Kipande tu."

"Sabuni imekwisha, mzee. Vita."

Lakini mlango wa stoo ulikuwa nusu wazi, na Shibuda alikuwa na pua. Miche ya sabuni ya bluu ilikuwa imepangwa ndani ya boksi mpaka juu.

"Na ile?"

"Ile ni ya mapokezi. Ya wageni. Mpaka Mwenyekiti aseme."

Shibuda akarudi uwanjani, akamkuta Mwenyekiti amekaa na wa wilayani kwenye viti vya darasani. Akainama. Shikamoo akawapa wote, hata waliokuwa na umri wa Nshoma. Akaeleza.

"Ndugu Shibuda," Mwenyekiti alisema, "nikikupa wewe, kesho kijiji kizima kitapanga foleni. Usawa ndio msingi wetu."

"Nilitoa fahali."

"Fahali ulilipa taifa. Sasa unalidai taifa sabuni?"

Wageni wakacheka kidogo, kwa adabu. Shibuda alisimama pale muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kusimama akishajibiwa. Kisha akavaa kofia yake mbele yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mkubwa yeyote, akawageuzia mgongo. Watu wengine hasira yao ndiyo hiyo tu, na usiidharau.

Aliyekata shauri ni Nimpaye. Huyu alikuwa Mrundi, alivuka na wanawe mwaka wa sabini na mbili akiwa na nguo aliyovaa, akapewa shamba nyuma ya josho. Mtu aliyekimbia hivyo anajua kuishi bila duka. Alimshika Kwandu mkono.

"Mama Nshoma, acheni kuomba. Sabuni tunayo. Nyie mmeleta mafuta, mimi nina majivu."

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mtungi uliojaa majivu ya maganda ya ndizi, ambayo yeye alifulia siku zote. Akayaloweka maji moto yakawa uji wa kijivu.

"Yanauma," alionya. "Ngozi ya mtu si shuka."

"Nipake," Limi akasema.

"Si mimi." Nimpaye akamsogezea Kwandu mtungi.

Kwandu akatumbukiza mkono. Alianza utosini, akashuka shingoni, mabegani, njia ile ile ya alfajiri. Majivu yalipokutana na samli yakaanza kutoa povu, kwanza chafu, kisha jeupe, na wanawake wale watatu wakalitazama. Limi aliuma kanga. Chini ya povu ngozi ilikuwa inawaka kama imechapwa na upupu.

"Mama, usilie."

"Silii. Ni moshi."

Moto ulikuwa umekwisha kuzimwa zamani.

"Kule," Kwandu akasema, akimsugua mgongo kwa gunzi la mahindi, "ukishikwa na ugonjwa, usitumie dawa za watu ovyo. Na usilale chini, ziwa lina baridi. Na kula. Wewe ukikasirika huli." Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi na nusu wote. "Geuka huku."

 

Celestini alifika uwanjani wakati Limi anaruka kamba mara ya pili. Walimwachilia kutoka kwenye benchi bila swali wala pole. Alimwona mwanafunzi wake mwekundu shingo mpaka miguu, mkavu, mweupe kwenye viwiko, akashika kichwa.

"Wamekufanya nini?"

"Nimeoga, mwalimu."

Filimbi. Safari hii Esperansia alimshika, na aliposhika palishikika. Ngozi iliyosuguliwa kwa majivu ni kama gome la mti. Vidole vya mwanamke yule vikaingia na kukaa. Limi aliinuliwa, akaona mawingu, akaona turubai. Mgongo chini. Ngozi ikapiga ukelele mwili mzima.

"Moja ya Esperansia," Ngeleja alihesabu kwa furaha.

"Amka," Esperansia alimwambia kwa sauti ya chini akimpa mkono. "Umepaka nini safari hii? Unaungua kama jiko."

"Majivu."

"Mungu wangu. Basi tumalize haraka ukajimwagie maji."

"Hatumalizi haraka."

Mara ya pili Esperansia akamkamata tena, mabega yote mawili, kwa nguvu, kama mtu aliyepata mpini mzuri wa jembe. Na hapo ndipo Limi akafahamu kitu ambacho samli ilimficha. Mtu aliyekushika hakutoki. Kwa vidole vile kumi aliweza kusikia uzito wote wa yule mwanamke unakwenda wapi: sasa mguu wa kulia, sasa wa kushoto, sasa katikati. Hakumvuta. Alivumilia. Aliacha ashikwe zaidi. Kila kidole kilikuwa kaa la moto, naye akakaa juu ya makaa mpaka Esperansia, kwa kuchoka kungoja, akaegemea mbele nusu shubiri. Limi akajishusha chini yake, akamtwaa kiunoni, akamgeuza. Kishindo chake hakikuwa cha maonyesho.

Uwanja haukupiga kelele. Ulivuta pumzi.

Mara ya tatu ilikuwa ndefu. Watu wa Kaniha mpaka leo hawapatani ilikuwa dakika ngapi. Walizunguka, wakagandamana, jasho likaingia kwenye michubuko. Limi alisikia chumvi inamwandika mgongoni. Esperansia akajaribu ngwala mara mbili. Ya kwanza Limi akaruka. Ya pili ilimpata, akaanza kwenda, na alipokuwa anakwenda hakuachia. Mikono yake ilibaki imefunga shingo ya mwenzake. Wakaanguka wote, wakapinduka, na vumbi lilipotulia aliyekuwa chini ni Esperansia, anacheka kwa kukosa pumzi.

"Niachie, mwanangu," alisema. "Kazi umepata. Ukipanda lorini, kaa upande wangu, ule mwingine unavuja."

Ngeleja alichelewa kupiga filimbi. Waliotoka wilayani walikuwa wamesimama kwenye viti vyao ili waone, na Mwenyekiti Bartholomayo naye alikuwa amesimama, kwa kuwa wao wamesimama. Hakuna tena aliyeuliza habari za mapaja.

 

Injini ya lori ilikuwa inanguruma. Ngeleja alikuja na karatasi na wino wa kidole gumba, akiwa amechangamka, suti imelegea kifungo.

"Nimepata jina lako la ulingoni. Binti Samli. Kila mji tutakuleta unang'aa, wakushike, uteleze, watu wafe kwa kicheko. Halafu mama wa maigizo anatokea na kibuyu. Umeona? Itakuwa pesa."

"Naitwa Limi."

"Limi hakuna atakayelinunua."

"Basi nirudi joshoni," Limi akasema, na akafunga kitenge juu ya kaptula kana kwamba kweli anarudi. "Wewe una mwanamke mmoja na nusu. Mimi nina ng'ombe kumi na tisa. Tuone nani atakosa usingizi."

Esperansia, juu ya lori, akaanza kujichokoa meno, akatazama mbali.

Ngeleja akakunja karatasi, akaikunjua. "Sawa. Limi. Weka dole."

"Bado. Ulimwita mama yangu mdanganyifu mbele ya watu. Watu hawajaondoka. Jina lako ni la kwetu. Nenda kamwambie uliponusa mikono ya Esperansia ulinusa nini."

Walisikia waliokuwa karibu, wakanyamaza. Wakasikia waliokuwa mbali kwa kuona wa karibu wamenyamaza. Ngeleja alicheka peke yake. Akamtazama dereva, akatazama saa. Saa saba ilikuwa imepita. Nyakanaura, Geita, miji yote ya mbele ilikuwa imekwisha kubandikwa matangazo yenye picha za wanawake wawili.

Akavuka uwanja. Mbele ya Kwandu akasita, kisha akachuchumaa, kama anavyochuchumaa mtoto wa Kisukuma mbele ya mkubwa, na mifuko minne ikagusa vumbi.

"Mwadila, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma. Mengine yaliyofuata aliyasema kwa lugha hiyo hiyo, taratibu, na waliokuwa wanaielewa waliwafasiria wasioielewa: kwamba yale mafuta anayajua. Kwamba na yeye alipakwa. Kwamba mtoto huyu ametolewa kwao vizuri, na aliyecheka alicheka kwa ujinga, akianzia yeye.

Kwandu alimwacha achuchumae. Alimtazama utosini kwa muda. Halafu akamjibu kwa Kiswahili, ili hata wa wilayani wasikie.

"Simama, utachafua nguo. Mtoto huyu nina mmoja wa kike. Nikija Mwanza nitahesabu meno yake, yote yawepo."

"Yatakuwepo, mama."

"Na mikono yake. Na mshahara wake umpe mwenyewe, mkononi, si kwa baba yake wala kwa kaka yake."

Shibuda akakohoa, hakupinga.

Limi akaweka dole. Aliagana na Celestini kwa kugongana viganja. Akampa baba yake fimbo. Mbele ya mama alipiga magoti, na Kwandu akamwinua kwa kwapa, pale ambapo hapakuwa na mchubuko. Kisha akapanda kwa gurudumu, upande wa Esperansia. Lori likatoka. Kila lilipoingia shimoni mbao za pembeni zilimsugua ngozi, akauma meno, akashika kwa nguvu zaidi.

"Ngozi itatulia keshokutwa," Esperansia alimwambia.

"Keshokutwa tunacheza wapi?"

"Nyakanaura."

"Na nani?"

"Na mimi," Esperansia akasema. "Na safari hiyo nitakuwa nimelala vizuri."

Limi akasogea, akamwachia nafasi ya kunyoosha mguu. "Lala," akasema. "Nataka nikuangushe ukiwa mzima."